Kanisa linalofunga milango Jumatatu ili wazazi wakae na watoto

Jumatatu jioni makanisa mengi ya mjini huwa na pilikapilika. Hapa kwaya inafanya mazoezi, pale wazee wa kanisa wana kikao, kwingine kuna maombi ya katikati ya wiki yanayoandaliwa mapema. Lakini kwenye majengo ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo wengi wamezoea kuliita la Wamormoni, jioni hiyo kwa kawaida ni kimya. Kiongozi akiitisha mkutano Jumatatu usiku, anakwenda kinyume na utaratibu wa kanisa lake mwenyewe.

Sababu ni moja tu. Baba na mama wanatakiwa wawe nyumbani na watoto wao.

Mzazi yeyote anayesali mahali penye bidii anajua ratiba ya ibada inavyoweza kuigawanya nyumba. Mama yuko kwaya Jumanne, baba yuko kamati ya ujenzi Alhamisi, vijana wana mkesha Ijumaa, na Jumapili kila mmoja anakaa na kundi lake. Wote wanamtumikia Mungu, ila mezani hawakutani. Kwa hiyo si vibaya kulichungulia kanisa lililoamua kulikabili jambo hili kwa amri ya ratiba, hata kwa msomaji asiyekubaliana na mafundisho yake. Na ya kutokubaliana nayo yapo mengi.

Yatima aliyewakumbusha wazazi

Kanisa hili lilianzishwa Aprili 6, 1830 katika jimbo la New York, Marekani, na kijana wa miaka 24 aliyeitwa Joseph Smith. Utaratibu wa jioni ya familia ulikuja baadaye sana. Aprili 1915 rais wa kanisa wa wakati huo, Joseph F. Smith, pamoja na washauri wake, waliwaandikia waumini wote barua wakiwahimiza watenge jioni ya kukaa na watoto. Barua ilitaja hadi mambo ya kufanya: sala, nyimbo, kusoma maandiko, kuzungumza mambo ya nyumbani, hadithi, michezo, na kitafunwa chepesi kilichoandaliwa humo humo nyumbani.

Aliyeandika hayo alikuwa mtoto wa kaka yake mwanzilishi, na maisha yake yalikuwa na jeraha. Alikuwa na miaka mitano tu, Juni 1844, kundi la watu wenye silaha lilipovamia jela ya Carthage, Illinois, na kuwaua baba yake, Hyrum, na baba yake mdogo, Joseph Smith. Mama yake, Mary Fielding Smith, aliwavusha watoto nyika ya Marekani kwa gari la kukokotwa na maksai mpaka Utah. Naye alifariki mwaka 1852, mvulana akiwa na miaka 13. Mtu aliyewakosa wazazi wote wawili ndiye aliyewakumbusha wazazi wengine kwamba watoto wao bado wapo.

Haifai kulificha hili pia: Joseph F. Smith alikuwa na wake sita na watoto zaidi ya 40. Waumini wa zama zake walioa wake wengi kwa idhini ya kanisa, hadi mwaka 1890 lilipotoka tangazo la kuacha, na mwaka 1904 yeye mwenyewe akalikazia. Leo muumini anayeoa mke wa pili hupoteza uanachama. Kwa Afrika hilo si historia ya mbali. Mwanamume mwenye wake wawili anayetaka kubatizwa huko hukutana na swali gumu kuliko yote, kwa sababu katika swali hilo wamo wanawake wawili na watoto ambao hawakuomba kuwekwa humo.

Mwaka 1970 rais mwingine, Joseph Fielding Smith, mwana wa yule wa 1915, ndiye aliyesimamia kuteuliwa kwa Jumatatu kuwa siku ya familia kwa kanisa zima.

Vita ya kochi

Jioni yenyewe si ibada ndefu. Mtoto mdogo huchagua wimbo, mkubwa husoma mistari michache, mzazi husimulia kisa au hueleza jambo moja, kisha mchezo, kisha kitu cha kutafuna. Mtoto wa miaka minne hupewa kazi yake na mwenye miaka kumi na minne hupewa yake, na wiki inayofuata wanabadilishana. Nusu saa inatosha, hasa kwenye nyumba yenye wadogo.

Asidhani mtu kwamba nyumba hizo zimejaa malaika. Mwaka 2009 David Bednar, mmoja wa viongozi wanaoitwa mitume katika kanisa hilo, aliwaambia waumini wazi jinsi jioni za nyumbani kwake zilivyokuwa watoto wake wakiwa wadogo. Mmoja alilalamika kwamba mwenzake anamgusa, mwingine kwamba ndugu yake anavuta hewa yake. Yeye na mkewe walijiuliza kama kazi hiyo ina faida yoyote. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna jioni moja iliyoweza kukumbukwa kwa ubora wake. Kilichowajenga watoto ni kule kurudia, wiki baada ya wiki. Mzazi aliyewahi kusimamia ugomvi wa nani akae pembeni ya dirisha atamwelewa.

Kuanzia Januari 2019 kanisa likasogea mbele zaidi. Ibada ya Jumapili ilipunguzwa kutoka saa tatu hadi saa mbili, na sehemu ya mafundisho ya maandiko ikarudishwa nyumbani. Ni uamuzi wa kushangaza kidogo. Taasisi nyingi zikiona watoto wanapotea huongeza vipindi. Hili lilipunguza cha kwake na kumwachia mzazi.

Ndoa isiyoishia kaburini

Nyuma ya ratiba hiyo kuna imani, na imani hiyo ndiyo inayolitenga kanisa hili na mengine. Wakristo wengi huapa kuishi pamoja mpaka kifo kiwatenganishe. Watakatifu wa Siku za Mwisho wanaamini kwamba ndoa iliyofungwa hekaluni na mtu mwenye mamlaka ya ukuhani haivunjwi na kifo, na kwamba watoto wanaweza kuunganishwa na wazazi wao milele. Wanaamini pia kwamba kila mtu aliishi kama roho kabla ya kuzaliwa, akiwa mtoto wa Mungu. Kwao familia ni kitu kilichokuwapo kabla ya dunia na kitakachobaki baada yake.

Septemba 23, 1995 rais Gordon B. Hinckley alisoma mbele ya wanawake wa kanisa tangazo kuhusu familia ambalo leo hutundikwa ukutani katika nyumba nyingi za waumini. Linasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwamba baba ana wajibu wa kuongoza na kukimu, mama wa kulea, na kwamba wawili hao wasaidiane wakiwa sawa. Linaonya pia kwamba anayemtesa mwenzake au mtoto atajibu mbele za Mungu. Wapo wanaoliona hilo la baba kuongoza na la usawa kuwa mambo mawili yasiyokaa kwenye kiti kimoja, na mjadala huo upo hata miongoni mwa waumini wenyewe.

Makanisa mengine hayakubaliani nalo kwa mambo ya msingi zaidi. Halifuati fundisho la Utatu Mtakatifu kama lilivyowekwa na mabaraza ya kale, na lina vitabu vingine vitakatifu pamoja na Biblia, kikiwemo Kitabu cha Mormoni. Mwaka 2001 Vatican iliamua kwamba ubatizo wake hautambuliwi na Kanisa Katoliki. Waumini wake hujitetea kwamba wao ni Wakristo, na kwamba jina la Yesu Kristo limo katika jina la kanisa lao.

Hekalu si jengo la kusalia Jumapili. Ni mahali pa kufungia ndoa hizo na kufanyia ibada nyingine maalumu, na haliingiwi ila na muumini mwenye kibali. Kibali kinataka mtu awe analipa zaka, asiwe mnywaji wa pombe wala mvutaji, na asinywe kahawa wala chai. Ndiyo, chai. Katika nyumba ya Afrika Mashariki ambako mgeni hana hata haja ya kuulizwa kama atakunywa, hilo ni jaribu la kila siku. Waumini hutumia mchaichai, tangawizi au uji, na hujifunza kumweleza shangazi kwamba hawajamkatalia ukarimu wake.

Kenya ililitambua kanisa hili rasmi mwaka 1991. Kwa miaka mingi, familia ya Nairobi iliyotaka kuunganishwa ilikuwa na safari ya Johannesburg, ambako hekalu lilifunguliwa mwaka 1985. Mzazi na apige hesabu mwenyewe: pasipoti na nauli za baba, mama na watoto wanne, kwa sababu mtoto anayeunganishwa na wazazi lazima awepo. Hekalu la Nairobi lilitangazwa Aprili 2017 na likawekwa wakfu Mei 18, 2025. Miaka minane inamtosha mtoto wa darasa la kwanza kumaliza shule ya msingi.

Waliofungiwa nje

Mlango unaofungwa una watu upande wa pili, na hapa ndipo kanisa la familia limeziumiza familia.

Kuanzia mwaka 1852 watu weusi walinyimwa ukuhani na baraka za hekaluni, zikiwemo zile za kuunganisha mume, mke na watoto. Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru Connecticut, alikuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo. Alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya safari ya kwenda Nauvoo, Illinois, mwaka 1843, akaishi nyumbani kwa Joseph Smith, kisha akaenda Utah na wenzake. Uzeeni aliomba mara kwa mara aruhusiwe kupata baraka hizo. Alikataliwa. Mwaka 1894 alikubaliwa jambo moja tu: kuunganishwa na familia ya Joseph Smith akiwa mtumishi, na hata sherehe hiyo hakuruhusiwa kuihudhuria. Mwanamke mweupe alisimama badala yake. Alifariki mwaka 1908.

Katazo liliondolewa Juni 1978, chini ya rais Spencer W. Kimball. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo yanayokana nadharia zote zilizowahi kutumika kulihalalisha, ikiwemo ile ya kwamba weusi ni alama ya laana. Bila mwaka 1978 lisingekuwapo hekalu la Nairobi, na mzazi wa Kiafrika anayelitazama leo ana haki ya kuijua habari hiyo kabla ya kuwaeleza wanawe.

Kidonda kingine ni cha harusi. Binti wa kwanza katika ukoo anajiunga na kanisa, anapata mchumba, wanaamua kuoana hekaluni. Mama yake ni Mlutheri au Mwanglikana. Amemzaa, amemsomesha, ameshona kitenge, lakini hawezi kuingia. Kwa muda mrefu nchini Marekani na kwingineko, wenzi walioanza na harusi ya kiserikali ili wazazi washuhudie walilazimika kungoja mwaka mzima kabla ya ile ya hekaluni, hivyo wengi walichagua hekalu na kuwaacha wazazi nje. Mei 2019 kanisa liliondoa sharti hilo la mwaka. Sasa harusi ya mbele ya ukoo mzima inaweza kufanyika kwanza na ya hekaluni ikafuata. Ya hekaluni yenyewe bado mama haioni.

Kuhusu mahari, kanisa halijakaa kimya. Mwaka 2012 mtume Dallin Oaks aliandika katika jarida la kanisa akikosoa lobola, kama inavyoitwa kusini mwa Afrika, kwamba inawachelewesha vijana kuoa. Wazazi wa bibi harusi wana jibu lao, na kwa wengi mahari si bei bali ni namna ya koo mbili kufahamiana. Ni ajabu kwamba kanisa linalothamini ukoo kiasi cha kutuma watu wakarekodi masimulizi ya wazee wa Kiafrika kuhusu mababu zao lingegongana na desturi hii, lakini ndivyo ilivyo.

Nyumba isiyo na baba

Picha ya baba, mama na watoto kuzunguka meza haifanani na kila nyumba. Aprili 2021 kiongozi mwingine, Gerrit Gong, aliwaambia waumini kwamba wengi wa watu wazima katika kanisa hilo hawana wenzi: hawajaoa au hawajaolewa, ni wajane, au wameachana. Ni kauli nzito kutoka kwenye kanisa ambalo baraka yake kubwa kuliko zote hupokelewa na watu wawili.

Kwa sababu hiyo maelekezo ya jioni ya familia yamelegezwa. Mjane na mjukuu wake wanaweza kuifanya, vilevile vijana wanaoishi chumba kimoja mjini au mtu na jirani yake. Siku nayo si lazima iwe Jumatatu. Muuguzi mwenye zamu ya usiku mwanzoni mwa wiki anaweza kukaa na wanawe Jumapili mchana, na mwenye genge sokoni anaweza kuchagua siku ambayo biashara hupungua. Majengo lakini hubaki kimya Jumatatu, kwa ajili ya wale ambao siku hiyo wanaiweza.