Je, Wajua? Trauti wa Mto Gura si wenyeji

Trauti wa kahawia wanaovuliwa kwenye mito ya milima ya Aberdare, Kenya, asili yao ni Ulaya. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai yao kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakapandikizwa katika Mto Gura. Maji yake ni baridi na yanakwenda kasi, yamejaa hewa, hasa yale trauti ayapendayo.

Kumvua kuna ufundi mzuri ajabu. Chambo ni ndoana ndogo iliyoviringishwa uzi na manyoya ya ndege hadi ikafanana na mdudu. Ni nyepesi mno, wala haifungwi chubwi. Uzito umo ndani ya mshipi wenyewe: mvuvi huurusha nyuma, akangoja unyooke angani, ndipo huupeleka mbele, na mdudu wa bandia akatua polepole juu ya maji. Akiharakisha, mshipi huangukia mtoni kwa kishindo na samaki hukimbilia chini ya mawe.

Huko Kiganjo, karibu na Nyeri, vifaranga vya trauti huzalishwa kituoni. Lakini msitu wa juu milimani ukifyekwa, maji ya mito hupata joto na tope, na trauti hastahimili hata kimoja.