Gari la Umeme la Mwaka Mmoja: Nani Anapata, Nani Anabeba Hasara

Ukinunua gari jipya la umeme Uingereza na kuliuza likiwa na miaka miwili, utakuwa umemfanyia hisani mtu usiyemjua. Hasara kubwa umeibeba wewe. Yeye anaondoka na gari ambalo viti vyake bado vinanukia upya, kwa bei ya chini sana kuliko uliyolipa. Habari hiyo imeshafika kwetu, na kwa wanaoagiza magari Nairobi na Mombasa swali limekuwa moja: kama wenzetu wanayaachia kwa bei hiyo, kwa nini tusiyachukue sisi?

Yachukueni, ila si yale ya mwaka mmoja au miwili. Nafuu mnayoiona kwenye matangazo ya Ulaya na Japani haifiki bandari ya Kilindini ikiwa nzima. Nyingine hupotelea kwenye jedwali la ushuru, na nyingine mtaiacha mezani siku mtakapotaka kuuza.

Kwanza tuone kwa nini magari haya yanashuka bei hivi, maana mengi yanayosemwa vijiweni si kweli. Watu husema ni betri. Kwa sehemu kubwa si betri. Bei ya gari lililotumika hufuata bei ya jipya lake, na bei za magari mapya ya umeme zimekuwa zikianguka kwa vishindo. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei zake Marekani: Model Y ya Long Range iliyokuwa dola 65,990 ikawa dola 52,990. Aliyeinunua Desemba alipoteza dola 13,000 akiwa amelala, gari likiwa halijapata hata mkwaruzo. Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilikuwa imetangaza Oktoba 2021 kwamba itanunua Tesla 100,000. Januari 2024 ikatangaza inauza magari ya umeme yapatayo 20,000, theluthi ya yote iliyokuwa nayo, kwa kuwa kuyatengeneza baada ya ajali kulikuwa ghali na thamani yake ilikuwa inaporomoka. Na magari 20,000 yakimwagwa sokoni kwa mpigo, bei inazidi kuporomoka.

Uingereza chanzo ni kingine. Mfanyakazi anayepewa gari na mwajiri hulipia kodi faida hiyo, na kwa gari la umeme kodi ilikokotolewa kwa asilimia 2 tu ya bei ya gari tangu Aprili 2022 hadi Aprili 2025. Wafanyakazi wakayakimbilia. Kampuni zikayakodi kwa mikataba ya miaka mitatu au minne, na mikataba ikiisha magari yanarudi mnadani kwa makundi. Kisha Julai 2025 serikali ikatangaza ruzuku ya hadi pauni 3,750 kwa anayenunua gari jipya la umeme lisilozidi pauni 37,000. Ruzuku ya gari jipya ni fimbo kwa lililotumika. Muuzaji wa gari la mwaka mmoja hulazimika kushusha bei yake siku ileile, la sivyo atabaki analipangusa vumbi.

Wakati huohuo betri yenyewe inazeeka polepole kuliko bei. Kampuni ya Geotab, inayofuatilia magari ya kampuni kwa mitambo, ilichambua maelfu ya magari ya umeme na mwaka 2024 ikasema kwa wastani betri hupoteza asilimia 1.8 ya uwezo wake kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, gari lililopoteza nusu ya bei kwa miaka mitatu limepoteza asilimia 5 au 6 tu ya uwezo wa betri. Faida ya mnunuzi imo katika pengo hilo kati ya hofu ya soko na hali halisi ya betri.

Sasa tuje bandarini. Mamlaka ya Mapato ya Kenya haikokotoi ushuru kwa bei uliyolipa. Huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza uchakavu kwa jedwali lake: gari lenye mwaka mmoja hadi miwili hupunguziwa asilimia 15, la miaka miwili hadi mitatu 20, la mitatu hadi minne 30, la minne hadi mitano 40, la mitano hadi sita 50, mpaka 65 kwa linalokaribia miaka minane. Jedwali ni lilelile kwa Toyota ya petroli na kwa gari la umeme, na ubaya wake uko hapohapo. Liliwekwa kwa magari yanayoshuka taratibu.

Piga mahesabu ya mfano. Gari la umeme ambalo bei yake ya upya ni shilingi milioni 4 linauzwa mnadani Uingereza kwa nusu, milioni 2, likiwa na miezi ishirini. Wewe unaona umepata. Jedwali halioni hivyo: kwake gari hilo limepoteza asilimia 15, hivyo hesabu ya ushuru inaanzia milioni 3.4. Hapo panakuja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na tozo ndogondogo. Unatozwa kodi kwa thamani ambayo soko lilishaifuta. Ni kweli ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme tupu ulishushwa hadi asilimia 10 mwaka 2019, wakati magari ya petroli yanaanzia 20, lakini nafuu hiyo haitoshi kuziba pengo la milioni 1.4 kwenye msingi wa hesabu.

Gari hilohilo likiwa na miaka minne na nusu, msingi unakuwa milioni 2.4. Soko nalo litakuwa limeshuka zaidi, ila si kwa kasi ya miaka ile ya mwanzo. Kwa hiyo umri unaofaa kwa mwagizaji wa Kenya ni miaka minne hadi mitano, wakati jedwali na soko vinapoanza kukaribiana. Anayekwepa mtego huu ni Mkenya aliyeishi nje na sasa anarejea nyumbani moja kwa moja. Huyo, akiwa amelimiliki na kulitumia gari lake huko kwa angalau mwaka mmoja na kutimiza masharti mengine, huweza kuliingiza bila ushuru. Kama una ndugu Birmingham anayefunga virago, mpigie simu leo. Wengine tuendelee.

Gari ambalo Wakenya wengi huanza nalo ni Nissan Leaf kutoka Japani, na hapa ndipo uangalifu unapotakiwa zaidi. Leaf ya kwanza ilitoka Desemba 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24, ikafuata ya 30, kisha mwishoni mwa 2017 ikaja yenye umbo jipya na betri ya 40, na mwaka 2019 ya 62. Kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, zile za 24 na 30 haziagizwi tena. Zilizopo yadi ni zilizokwisha kuingia, na bei zake zinavutia kwa sababu.

Betri ya Leaf hizo haipozwi kwa maji kama za magari mengi ya siku hizi. Inategemea hewa tu. Kwenye joto inachoka haraka. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, Marekani, walilalamika hadi Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Ndiyo maana Leaf iliyoishi Limuru na Leaf iliyoishi Mombasa, za mwaka mmoja na kilomita sawa, si gari moja, hata kama dalali atakwambia ni pacha.

Tazama dashibodi. Kando ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vidogo vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Kijistari cha kwanza kikidondoka, betri imeshapoteza takriban asilimia 15. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6 nyingine. Gari la vijistari tisa limebaki na takriban asilimia 70 ya betri. Lakini usiviamini peke yake. Mtu mwenye kifaa anaweza kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijistari vikajaa vyote 12, ukalipa, na baada ya muda wa kuendesha vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Dawa ni programu ya simu iitwayo LeafSpy na kile kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani. Soma SOH, yaani asilimia ya afya ya betri, kisha endesha gari kutoka chaji kamili umbali unaoujua, na ulinganishe.

Jambo la pili ni plagi. Leaf hizo huchaji haraka kwa CHAdeMO, mfumo wa Kijapani ambao hata Nissan waliuacha Ulaya walipoleta Ariya na plagi ya CCS2. Magari ya Uingereza mengi yana CCS2. Ukinunua Leaf, hesabu kuchajia nyumbani usiku, na vituo vya njiani uvichukulie kama bahati. Suala hili litarudi siku ya kuuza, kwa sababu mnunuzi wa miaka mitatu ijayo ataliuliza kabla ya kuuliza rangi.

Basi tulinganishe na petroli, maana huko ndiko hoja ya akiba huanzia. Chukua mtu wa Kitengela anayeendesha kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 800. Kwa shilingi 180 kwa lita, ni 144,000. Gari la umeme linalokwenda kilomita 6 kwa yuniti litataka yuniti 2,000, na ukiongeza sehemu ya kumi inayopotea wakati wa kuchaji, 2,200. Kwa tokeni za nyumbani za kama shilingi 30 kwa yuniti pamoja na tozo, ni 66,000. Umeokoa 78,000 kwa mwaka. Ongeza oili na vichungi usivyonunua, tuseme akiba ni 95,000.

Nzuri, lakini si ya kukutajirisha. Kwa miaka mitatu ni 285,000. Sasa weka uchakavu kwenye mizani. Gari dogo la petroli lililotunzwa huuzika Nairobi ndani ya wiki chache, mara nyingi kwa bei isiyomuumiza mwenyewe. Gari la umeme wanunuzi wake ni wachache, na kila mmoja anakuja na swali lilelile: betri ikifa je? Swali hilo peke yake hushusha bei. Endapo gari la umeme litakupotezea shilingi 300,000 zaidi ya lile la petroli kwa miaka hiyo mitatu, akiba yako yote ya mafuta imekwenda kwa mtu aliyelinunua kwako. Na kwa gari ulilolilipia ushuru kwa msingi wa milioni 3.4, laki tatu ni hasara ndogo.

Hesabu inageuka ukiwa mtu wa barabarani. Dereva wa teksi anayefikisha kilomita 45,000 kwa mwaka huchoma petroli ya shilingi 540,000. Kwa umeme, kwa viwango hivyohivyo, atatumia 247,500. Tofauti ni 292,500 kwa mwaka mmoja tu. Akiweza kupata mita ya pekee ya magari ya umeme, bei iliyowekwa mwaka 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa za usiku matumizi ya umeme yanapopungua, kabla ya kodi na tozo, na hapo tofauti inapanuka zaidi. Mtu huyu hana haja ya kuhofu bei ya kuuza tena. Gari litakuwa limejilipa kabla hajafikiria kuliuza. Ila asinunue Leaf ya kilowati-saa 24, ambayo matoleo yake ya mwanzo, hata yakiwa mapya, yalipimwa Marekani kuwa na uwezo wa kilomita 117 tu. Anahitaji betri ya 40 ikiwa na afya nzuri, na ikiwezekana ya 62.

Ile 24 ina mteja wake pia: mtu wa safari fupi, mwenye gari jingine la kwenda upcountry, na anayejua fundi. Imeshashuka mpaka haina pa kushukia zaidi. Betri yake ina moduli 48, na fundi anayeielewa anaweza kutoa zilizochoka na kuweka nyingine badala ya kubadilisha betri nzima. Hata ikimshinda kabisa, wenye sola watainunua betri hiyo kwa ajili ya kuhifadhi umeme nyumbani.

Kwa hiyo, kama unaendesha kidogo na unapenda kubadilisha gari kila miaka miwili mitatu, baki na petroli kwa sasa. Kama unaendesha sana, au unanunua gari la kukaa nalo, agiza la umeme lenye miaka minne au mitano, plagi ya CCS2 ukiweza, na lenye betri inayopozwa kwa maji ukiishi Pwani. La mwaka mmoja liache kwa wanaorejea nyumbani na msamaha wa ushuru. Na uwe yeyote kati ya hao, usitoe amana hata ya shilingi elfu moja kabla muuzaji hajakutumia picha ya SOH ikionyesha namba ya chesisi ya gari hilohilo unalolipia.