Upepo, hewa na ukinzani: msamiati wa gari linalobana mafuta

Sentensi "Punguza upepo ili gari libane mafuta" haina kosa la sarufi. Hata hivyo, ikimfikia fundi wa gereji katika kata ya Soweto, Moshi, inaweza kuleta hasara. Mfasiri alikusudia kwamba umbo la gari lirekebishwe lisipambane sana na hewa. Kwa fundi, upepo ni kitu kilichomo ndani ya tairi: tairi hujazwa upepo, hupimwa upepo, hupungukiwa na upepo. Akiitii sentensi hiyo kama ilivyo, atalegeza tairi. Tairi lililolegea huminyika zaidi kila linapozunguka, hupata joto, hufanya injini itumie mafuta mengi zaidi na huweza kupasuka. Neno moja limeugeuza ushauri kuwa kinyume chake.

Hewa na upepo

Hewa ni mchanganyiko wa gesi unaoizunguka dunia. Upepo ni hewa iliyo katika mwendo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa siku ya shwari, hewa imetulia na gari ndilo linaloipasua. Abiria aliyetoa mkono dirishani huhisi upepo, na ndiyo maana usemi "gari linapasua upepo" si kosa katika mazungumzo. Katika maelezo ya kiufundi, lakini, inafaa neno hewa litumike kwa kile ambacho gari hukipasua, na upepo uachiwe tairi pamoja na upepo unaovuma wenyewe.

Msuguano na ukinzani wa hewa

Msuguano ni kani inayozuia vitu vinavyogusana visiteleze kwa urahisi, kama breki na gurudumu, au vyuma ndani ya injini. Dawa yake katika injini ni oili. Ukinzani wa hewa una asili nyingine. Sehemu yake kubwa katika gari haitokani na hewa kusugua bati, bali na tofauti ya shinikizo: mbele ya gari hewa hurundikana na kusukuma, nyuma hubaki hewa inayozunguka ovyo, yenye shinikizo dogo, ambayo ni kama inalivuta gari lirudi. Kwa hiyo kung'arisha rangi hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kubadili umbo. Anayeandika "msuguano wa hewa" mahali pa "ukinzani wa hewa" humfanya msomaji ashughulikie uso wa gari badala ya umbo lake.

Jambo hilo lilithibitishwa miaka ya 1970 huko California, ambako wahandisi wa NASA walilivika gari la mizigo mabati ya alumini hadi likawa kama kasha lenye pembe kali, kisha wakazikata pembe hizo na kuweka za mviringo. Kuviringisha pembe za wima na za mlalo kulipunguza ukinzani wa hewa kwa zaidi ya nusu, ingawa nafasi ya mizigo ilipungua kidogo tu.

Mikono ya fundi

Marekebisho yanayoweza kufanywa nyumbani ni machache na majina yake yanajulikana. La kwanza halihitaji hata senti: kuvua keria ya juu wakati haina mzigo. La pili ni kufunika tumbo la gari kwa bati au plastiki ngumu ili hewa ipite chini bila kugonga vyuma, mradi bomba la moshi lisiguswe. La tatu, kuziba sehemu ya uwazi wa mbele kwa kadibodi, lina hatari yake, kwa kuwa uwazi huo ndio unaopeleka hewa kwenye rejeta.

Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendokasi: gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, ukinzani huwa mara nne. Ndani ya mji, ambako mwendo hauruhusiwi kuzidi 50, faida ya marekebisho haya ni ndogo. Mahali pake ni barabara kuu.

Safari mbili kutoka Soweto

Magari mawili yakitoka Soweto, moja likienda Same na jingine geti la Marangu, hufuata barabara moja hadi Himo, kisha huachana. La Same huendelea katika nchi iliyo tambarare zaidi, kwa mwendo wa kasi. Hapo adui ni hewa, na kuvua keria kuna maana. La Marangu hupanda, na adui ni uzito. Kuliinua gari la kilo 1,500 kwa mita 1,000, ikiwa injini hugeuza robo tu ya nishati ya petroli kuwa kazi, hudai karibu lita mbili, mbali na mahitaji mengine ya mwendo. Umbo liwe zuri namna gani, lita hizo hazipungui; hupungua mzigo unaposhushwa. Aidha, kadibodi iliyovumilika kwenye njia ya Same yaweza kulifanya gari lichemshe mlimani, kwa sababu injini inafanya kazi nzito huku hewa inayofika kwenye rejeta ni kidogo.

Kubana mafuta na vipimo vyake

Msemo wa kawaida ni gari "kula mafuta" au "kubana mafuta". Katika maandishi rasmi huandikwa "matumizi ya mafuta". Uepukwe msemo "kupunguza mafuta" peke yake, kwani unaweza kueleweka kuwa ni kuyatoa kwenye tangi.

Katika vipimo mfasiri awe macho zaidi. Afrika Mashariki watu huhesabu kilomita kwa lita, na namba kubwa ndiyo nzuri. Vitabu vingi vya Ulaya huhesabu lita kwa kilomita 100, na namba ndogo ndiyo nzuri. Gari lililotoka kilomita 10 kwa lita hadi 12 limeongeza umbali kwa asilimia 20, lakini mafuta yake kwa kilomita 100 yameshuka kutoka lita 10 hadi 8.3, yaani kwa asilimia 17. Asilimia hizo mbili hazibadilishani nafasi.

Mifano ya matumizi

Jaza upepo wa tairi hadi kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva.

Keria tupu huongeza ukinzani wa hewa katika mwendo wa kasi.

Oili hupunguza msuguano ndani ya injini.

Gari hili linabana mafuta: linakwenda kilomita 12 kwa lita moja.