Madhara ya Tibakemikali Mseto kwa Mgonjwa wa Limfoma

Limfoma ni saratani inayoanzia katika limfosaiti, yaani zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Maradhi haya si mageni Afrika Mashariki. Mnamo mwaka wa 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akihudumu Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowashambulia watoto. Baadaye aina hiyo ya limfoma ikapewa jina lake. Tiba kuu ya limfoma si kisu bali ni dawa, tena dawa kadhaa kwa pamoja. Makala haya yanaangazia mseto mmoja unaotumiwa sana kwa watu wazima, unaojulikana kama CHOP, na madhara yanayoandamana nao.

Mseto huu una dawa nne: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoni. Aghalabu hutolewa kila baada ya siku 21, na kwa aina nyingi za limfoma huongezewa rituksimabu. Mantiki ya kuchanganya dawa ni kwamba kila moja huishambulia chembe ya saratani kwa njia yake, hivyo chembe inayoiponyoka moja hunaswa na nyingine. Hata hivyo, dawa hizi hazichagui. Hushambulia chembe yoyote inayogawanyika upesi, iwe ya saratani, ya shina la nywele, ya utando wa kinywa na matumbo, au ya uboho wa mifupa.

Nywele kunyonyoka ndiko kunakoogopwa zaidi, kwa kuwa kila jirani hukuona na kukusemea. Ilhali nywele humea tena tiba ikiisha. Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu hupungua mno, na kiini cha maradhi ambacho mwili ungekishinda kwa urahisi kinaweza kumwua mgonjwa kwa muda mfupi. Joto la mwili likifika nyuzi 38, mgonjwa hana budi kupelekwa hospitalini papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, akapewe viuavijasumu. Kumeza dawa ya kutuliza homa na kungoja siku ya kliniki ni kuificha homa huku maradhi yakienea.

Jambo jingine linalowatia watu hofu ni mkojo mwekundu. Doksorubisini yenyewe ni nyekundu, na kwa siku moja au mbili huupaka mkojo rangi yake. Hilo halina madhara. Lakini siklofosfamidi nayo inaweza kukichubua kibofu hadi kikavuja damu, ndiposa mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi na kwenda haja mara kwa mara. Wekundu unaoendelea baada ya siku hizo, au unaoambatana na maumivu, sharti daktari aelezwe. Isitoshe, doksorubisini huweza kuudhoofisha moyo, na madhara hayo hujilimbikiza. Ndiyo sababu jumla ya kipimo ambacho mtu amewahi kupewa maishani huhesabiwa, na moyo hupimwa kabla ya tiba kuanza.

Vinkristini asili yake ni ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe linalopandwa katika bustani nyingi za Pwani. Huathiri neva, hasa zile ndefu, kwa hiyo ganzi huanzia kwenye ncha za vidole. Kufunga vifungo vya shati huwa kazi. Huathiri pia neva za matumbo, na mgonjwa hukosa choo. Wengi huona haya kulitaja hili la pili mbele ya daktari, nalo huzidi. Wanaochemsha majani ya ua hilo nyumbani wafahamu kuwa yana sumu na hayana kipimo.

Prednisoni huleta njaa, hukatiza usingizi na kupandisha sukari. Kwa mwenye kisukari hili si dogo. Humezwa asubuhi pamoja na chakula.

Hatimaye kuna suala la uzazi, ambalo mara nyingi husahaulika katika haraka ya kuanza tiba. Siklofosfamidi inaweza kuudhuru uwezo wa kupata watoto, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Palipo na huduma ya kuhifadhi mbegu, hilo huulizwa kabla ya dripu ya kwanza.