Asilimia 5 Inayostahili Kufika Kibera

Mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Huo ndio mgao wa mshikamano, na ndio unaomuunganisha kocha wa vijana wa Kibera au Kawangware na soko la dunia.

Tupige hesabu. Ada ikiwa dola milioni 1, mgao ni dola 50,000. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una dola 2,500. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23, dola 5,000. Klabu iliyomlea mtoto misimu minne ya kwanza inastahili dola 10,000, takriban shilingi milioni 1.3.

Mwaka 2013 Victor Wanyama, kijana wa Nairobi, alihama Celtic kwenda Southampton kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 12.5. Kwa kanuni hiyo, msimu mmoja tu wa kumfundisha akiwa na miaka 13 ulikuwa na thamani ya pauni 31,250.

Ni wachache mno wanaofika huko, kwa hiyo hakuna kocha anayeweza kupangia bajeti fedha hizi. Mipira huchakaa na nauli ya matatu hulipwa kila wiki, mchezaji auzwe asiuzwe. Lakini anapopatikana huyo mmoja, jasho la kocha lisipotee kwa kukosa karatasi.

Tangu Novemba 2022, malipo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris. Ofisi hiyo hufuata pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, inayotokana na usajili wa mashirikisho ya kitaifa. Timu isiyosajiliwa haimo humo.

Kocha wa mtaani ana kipenga, koni chache na daftari la mazoezi. Humo mna majina, pengine ya utani, na umri aliotajiwa na mtoto mwenyewe. Daftari hilo halitambuliki Paris. Kinachotambulika ni jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe, klabu na msimu. Mtoto akipata udhamini wa shule ya mbali, asiposajiliwa kabla ya kuondoka, misimu yake ya mtaani hufutika.

Shirikisho la Soka la Kenya lipeleke usajili wa bure viwanjani, Kibera na Kawangware, kila msimu. Haki hii haidaiwi bila jina kuandikwa mapema.