Kiondo, Juala na Mnunuzi wa Runyenjes

Mnunuzi aingiaye sokoni Runyenjes, Embu, akiwa na mfuko wake hudhaniwa kuwa anaiogopa sheria. Dhana hiyo ina ukweli kiasi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu yaweza kufikia faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Hata hivyo, sheria hiyo haimlazimu mtu kutoka nyumbani na mfuko.

Kimlazimucho ni bei. Juala (ambalo wengi waliliita "karatasi", ijapokuwa halikuwa karatasi kamwe) lilitolewa bure. Mfuko uliochukua nafasi yake huuzwa. Shilingi chache zikitoka kila siku ya soko, sukuma wiki hupungua chunguni. Tena baadhi ya mifuko hiyo mipya ilichanika upesi, hata Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ikatangaza kuipiga marufuku mnamo Machi 2019.

Kiondo cha mkonge, kwa upande wake, hubeba maharagwe na viazi bila kutatuka. Ukanda wake ukipitishwa kwenye paji la uso, mikono ya mama hubaki huru kumshika mtoto au kuhesabu chenji. Wanaume wengi hukiona kuwa chombo cha wanawake, nao hukunja gunia kwapani. Neno lenyewe limetoka katika lugha za Kibantu za kati mwa Kenya, likaingia Kiswahili na kiambishi chake. Wingi tu ndio uliobadilika, "ciondo" ikawa "vyondo".