Ubao Unaosomwa kwa Kidole

Mulopwe, mfalme wa Baluba, alikuwa na kiti ambacho watu wengi wa nchi yake hawakuwahi kukiona. Kilifungwa kwa kitambaa cheupe, kikawekwa katika kijiji kingine chini ya mlinzi wa cheo, kisiibwe wala kisichezewe, na kutolewa kwake kulikuwa kwa nadra. Leo viti vya namna hiyo vimesimama ndani ya vioo vya makumbusho huko Tervuren, Ubelgiji, na New York, taa zikiwamulika, na yeyote aliyelipa kiingilio anaweza kuvikodolea macho hadi achoke. Sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba mchongaji wa kiti kile hakuwa akimfikiria mtu huyo.

Kamina, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Lomami huko Kongo, iko katikati ya nchi iliyozaa vitu hivyo. Mabaraza mawili makuu ya ufalme, la Kabongo na la Kasongo Nyembo, yamo katika mkoa huohuo. Makumbusho ya taifa yaliyo karibu zaidi yako Lubumbashi, safari ndefu ya treni. Lakini kukosa jumba la kioo si kukosa namna ya kuishi na sanaa. Baluba wana desturi ya kukutana nayo, na sharti lake la kwanza ni kwamba kitu kisikae bila msemaji wake.

Tuchukue lukasa. Ni ubao unaoshikika kwa mkono mmoja, umebonyea kiunoni, upande mmoja umepachikwa shanga, simbi na vipande vya chuma, na mgongoni umechorwa mistari kama gamba la kobe. Ni mali ya Mbudye, chama kinachotunza historia ya ufalme, tena si kila mwanachama anayeruhusiwa kuusoma: ni wale wa ngazi za juu, wanaoitwa bana balute. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia hupita juu ya shanga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mfalme na watu wake. Msururu wa shanga ni njia aliyopita mtu. Hapo ndipo wanapotokea Nkongolo, mfalme mkatili mwenye rangi nyekundu. Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyekuja na adabu za kifalme. Na mwanawe Kalala Ilunga, aliyempindua mjomba wake Nkongolo na kuanzisha ukoo wa watawala.

Ila ubao uleule, ukisomwa mbele ya chifu mwingine au katika shauri jingine, hutoa habari nyingine. Msomaji huangalia nani yuko mbele yake, ukoo wa nani unadai nini, kisha huchagua mahali pa kukaza sauti. Atakayeona huo ni ulaghai hajawahi kukaa kwenye baraza la wazee. Mbudye walikuwa na uwezo wa kumrudi mfalme mwenyewe. Historia yao ilibidi iweze kujibu swali la siku ile.

Kwenye fimbo, viti na mihimili ya pinde za mfalme, anayechongwa ni mwanamke, mwenye chale tumboni na nywele zilizosukwa kwa ufundi mkubwa. Si pambo. Mfalme alipofariki, roho yake ilimwingia mwanamke aliyeitwa mwadi, naye akarithi makao na alama za marehemu. Mwili wa mwanamke ndio ulioaminiwa kubeba kitu kizito kama hicho. Mtazamaji asiye na wa kumwambia hayo huondoka akisema ameona sanamu nzuri.

Reli ndiyo iliyoifanya Kamina ya leo: njia za Lubumbashi, Ilebo na kaskazini zinakutana hapo, na pamoja na makarani na mafundi zilileta nyimbo za eneo la Kasai. Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina, akaunda kwaya ya wavulana na walimu wao, akaipa jina la mfalme wake: Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Mtakatifu Bavo hapo Kamina, waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba. Maneno yalikuwa Kilatini cha misa, sauti zikatoka nyumbani; Kyrie ilishika mwendo wa kasala, maombolezo na sifa za marehemu. Mwanzoni haikuandikwa nota. Waimbaji walikuwa wakiitunga papo hapo juu ya mfumo waliokubaliana, mwalimu Joachim Ngoi akiongoza kwa sauti ya pekee. Kwa macho yangu, hiyo ni lukasa nyingine, imeingia kanisani.

Mwaka huohuo kwaya ilikwenda Ulaya na kuimba kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels. Palepale kwenye maonyesho, Wakongo wengine waliwekwa katika kijiji cha kuigiza nyuma ya uzio, watazamaji wakawarushia ndizi, nao mwezi wa Julai wakagoma kuendelea. Mlango mmoja wa maonyesho uliwapigia Wakongo makofi na wa pili ukawatukana. Santuri ya misa ilisambaa duniani, Sanctus ikasikika katika filamu If.... ya mwaka 1968, na kwaya za mbali zikajifunza kwa nota zilizochapishwa, neno kwa neno, kile kilichozaliwa kwa kubadilika.

Mwaka 2022 Ubelgiji ilitunga sheria ya kurudisha vitu vya enzi za ukoloni, na mwaka huo mfalme Philippe akakabidhi kinyago cha Kakuungu cha Wasuku katika makumbusho ya taifa ya Kinshasa, kwa mkopo usio na kikomo. Mkopo! Sheria yenyewe inagusa makusanyo ya serikali, haiwagusi matajiri wenye fimbo za Baluba sebuleni. Ikitokea lukasa moja ikarudi, wakuu wa makumbusho wataulizana kuhusu unyevu, mchwa na kufuli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Mary Nooter Roberts aliwakuta Mbudye wangali wakisoma mbao zao. Ningependa warithi wao waitwe kabla ya fundi wa vioo, waamue nani ataruhusiwa kuigusa, na mbele ya nani.